Samaki Mmoja Akioza, Hesabu Matenga

Shangazi yangu anauza sambaza katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, na fedha yake haiweki benki. Anaiweka katika likelemba. Kila Jumamosi jioni wanawake kumi na wawili huketi kwenye kibaraza kimoja mtelemkoni, kila mmoja hutoa kiasi walichokubaliana, na mmoja wao huondoka na chote. Jumamosi inayofuata ni zamu ya mwingine. Duru ikiisha, kundi linavunjika. Wanapumzika wiki moja au mbili, kisha linaundwa kundi jipya, na si lazima liwe na watu walewale.

Nilimuuliza kwa nini wasiwe mia moja. Fedha ingekuwa nyingi, na mtu angenunua mashine ya kusaga kwa zamu moja. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini samaki hawaanikwi mvuani.

"Tulishakuwaka arobaini," alisema. "Ile mwaka hakuna mwenye alipata kitu. Batu kumi na mbili, najua kila mutu fasi analalaka."

Kisha akanitupia methali ambayo kila mtoto anaijua: samaki mmoja akioza, wote huoza.

Methali ni ya kweli, ila ina sharti isilolitaja. Ni ya kweli ndani ya tenga moja. Ukiwa na samaki mia katika tenga moja na mmoja ameoza, kesho huna biashara. Ukiwa na samaki haohao katika matenga ishirini, kesho umepoteza tenga moja na una kumi na tisa ya kuuza. Samaki ni walewale, uozo ni uleule, kilichobadilika ni kuta tu. Nilipoanza kusoma juu ya asili ya uhai, niliwakuta wanakemia wakihangaika na hesabu hii ya matenga kwa zaidi ya nusu karne, na nadhani shangazi angewaelewa upesi kuliko nilivyowaelewa mimi.

Mdoezi wa herufi 218

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Sol Spiegelman na wenzake walifanya jaribio ambalo lingeweza kuenea juu ya meza ya chakula. Walichukua kirusi kiitwacho Qβ, ambacho kazi yake ni kushambulia bakteria. Kirusi hiki hakitumii DNA kama sisi. Maagizo yake yote yameandikwa katika uzi mmoja wa RNA wenye herufi za kikemia 4,217. Wakawaondoa bakteria kabisa. Ndani ya mrija wa maabara wakatia vitu vitatu: RNA ya kirusi, kimeng'enya kinachoinakili RNA hiyo, na herufi zilizo huru zitumike kama malighafi. Baada ya dakika chache walichota tone na kulitia katika mrija mwingine wenye kimeng'enya na malighafi mpya. Kutoka huo wakachota tone la kutia katika mwingine. Walifanya hivyo mara 74.

Fikiria hali ya RNA ndani ya mrija ule. Hakuna bakteria wa kuvamia, hakuna koti la protini la kushona, hakuna safari. Kazi zote ambazo herufi zile elfu nne na zaidi ziliandikiwa zimefutwa, na sharti lililobaki ni moja: anayenakiliwa haraka ndiye anayepata nafasi katika tone linalofuata. Njia nyepesi kabisa ya kunakiliwa haraka ni kuwa mfupi. Kila mara kimeng'enya kilipoteleza na kuruka kipande, nakala iliyopungua iliwatangulia wenzake. Kufikia uhamisho wa 74, asilimia 83 ya ule uzi wa awali ilikuwa imetupwa. Majaribio yaliyofuata yalitoa uzi wa herufi 218, karibu sehemu moja ya ishirini ya mzazi wake. Uzi huo haukuweza tena kumwambukiza bakteria yeyote. Haukuwa na maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kinachounakili. Ulichobakiza ni pale tu kimeng'enya kinaposhika ili kuanza kazi.

Wanasayansi waliuita jitu la Spiegelman. Mimi jina hilo sikulipenda. Jitu ni kitu kikubwa, na huyu ni kibete asiyefanya kazi yoyote lakini hakosi mezani. Kiswahili kina neno lake tayari: mdoezi.

Hebu tumfanyie hesabu. Tuseme RNA inayofanya kazi huongezeka maradufu kila baada ya saa moja, na mdoezi, kwa sababu ya ufupi wake, kila baada ya nusu saa. Waanze mmoja kwa mmoja, ndani ya mrija mmoja wenye chakula cha kutosha. Baada ya saa kumi mfanyakazi ana nakala 1,024. Mdoezi ana 1,048,576. Kwa kila mfanyakazi mmoja kuna wadoezi zaidi ya elfu moja, na wote wanagombea kimeng'enya kilekile na malighafi ileile.

Katika jaribio la Spiegelman wadoezi walinusurika kwa sababu binadamu alikuwa akiwaletea kimeng'enya kipya kila mara. Walikuwa na mfadhili. Lakini rudi nyuma miaka zaidi ya bilioni tatu na nusu, kabla ya seli ya kwanza, wakati hakuna maabara wala mfadhili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Thomas Cech na Sidney Altman walipogundua, kila mmoja kwa njia yake, kwamba RNA yenyewe inaweza kufanya kazi ya kimeng'enya (wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1989), wataalamu wengi wamekubali kwamba huenda uhai ulianza na RNA iliyokuwa maandishi na mwandishi kwa pamoja: molekuli zinazobeba ujumbe na wakati huohuo kunakiliana. Katika dunia ya namna hiyo mdoezi ni hatari zaidi. Kunakili mwenzako ni sadaka. Unatumia muda wako kumzalisha mwingine. Asiyetoa sadaka hiyo ananakiliwa na wanaoitoa, anaongezeka, anawafunika, na siku wafanyakazi wanapokwisha naye anakwisha kwa kukosa mtu wa kumnakili. Ni likelemba ya watu arobaini. Wa kwanza alipokea akahama mtaa, wa tatu akaona kwa nini yeye aendelee kuchanga, na mwezi wa nne hakuna aliyekuja na kitu.

Manfred Eigen wa Ujerumani, aliyelifikiria tatizo hili kwa kina katika miaka ya 1970, alipendekeza kwamba molekuli zilisaidiana kwa mzunguko: ya kwanza inasaidia ya pili, ya pili inasaidia ya tatu, hadi ya mwisho inayosaidia ya kwanza. Wazo ni zuri kwenye karatasi. Mwaka 1979 Mwingereza John Maynard Smith alionyesha lilipovuja: molekuli yoyote inayopokea msaada katika mzunguko huo bila kuupitisha mbele inaua mzunguko mzima. Kusaidiana peke yake hakutoshi. Lazima kuwe na ukuta.

Hesabu ya kuta

Ukuta unafanya nini hasa? Watu wengi hudhani ukuta unamzuia mwizi asiingie. Si hivyo. Wadoezi wetu hawatoki nje, wanazaliwa ndani, kutokana na makosa ya kunakili, na makosa hayo hayaishi. Ukuta haumzuii mdoezi kuzaliwa. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba hasara anayoileta inaishia kwa wale alio nao chumba kimoja.

Chukua mfano. Tuseme katika kila molekuli kumi, moja ni mdoezi. Ukizigawa katika vyumba vyenye molekuli tatu tatu, karibu vyumba 73 katika kila 100 havitakuwa na mdoezi hata mmoja. Ukiweka kumi na mbili kumi na mbili, vyumba safi ni 28. Ukiweka arobaini kwa chumba, hubakiwi hata na viwili. Idadi ya wadoezi haijabadilika, umebadilisha ukubwa wa chumba tu. Nilimsomea shangazi namba hizi. Ile ya 28 haikumfurahisha. Kundi lake la kumi na wawili lina bahati nzuri kuliko hiyo, alisema, kwa sababu yeye hachukui watu kwa kufumba macho. Yuko sahihi, na hapo ndipo mfano wangu unapochechemea. Likelemba huchagua watu. Tone la maji halichagui. Humchukua yeyote liliyempata.

Lakini kipo kitu kinachochagua baadaye. Chumba chenye wafanyakazi safi kinazalisha sana. Chumba kilichoingiliwa kinadumaa. Siku ya kuhesabu mavuno, vyumba safi vinachangia nakala nyingi katika kizazi kinachofuata, hata kama ndani ya kila chumba kilichoingiliwa mdoezi ndiye aliyeshinda. Mdoezi anashinda nyumbani na kushindwa mtaani. Mwaka 1987, Eörs Szathmáry na László Demeter wa Hungaria waliiandika hoja hii kwa hisabati. Waliwaza vifuko vidogo vyenye molekuli chache za aina mbalimbali, vinavyokua na kugawanyika ovyo. Kwa kuwa mgawanyo ni wa bahati nasibu, mara kwa mara hutokea kifuko kimoja kilichopata mchanganyiko mzuri kuliko mzazi wake. Bahati, ambayo kwa kawaida tunaiona adui wa mpangilio, hapa ndiyo fundi anayerekebisha.

Hata hivyo, kulibaki fumbo la kuku na yai. Kifuko kinachokua na kugawanyika chenyewe ni seli nusu, tena chombo chenye ufundi mwingi. Ili kukitengeneza unahitaji molekuli zilizokwisha kuendelea sana. Ili molekuli ziendelee zinahitaji ulinzi wa kifuko. Nani alitangulia?

Jibu lililonifurahisha lilitoka Paris mwaka 2016, katika jarida la Science. Kikundi cha Andrew Griffiths, akiwemo Szathmáry yuleyule wa 1987, kilionyesha kwamba ukuta hauhitaji kujizalisha. Hauhitaji hata kudumu. Walitumia kimeng'enya cha Qβ, kilekile cha Spiegelman, na RNA yenye kazi inayoweza kutambuliwa kwa mwanga. Waliigawa katika vitone vidogo mno vya maji ndani ya mafuta, vingi visivyohesabika kwa macho. RNA ikanakiliwa ndani ya kila kitone. Wakachagua vitone vilivyong'aa, yaani vile ambamo wafanyakazi wangali hai, wakavivunja, wakachanganya vilivyomo, kisha wakagawa upya katika vitone vipya. Gawa, nakili, chagua, vunja, changanya, gawa tena. Pale ambapo kila kitu kiliachwa katika chombo kimoja, wadoezi walitwaa. Pale ambapo kulikuwa na kuta za muda, wafanyakazi walidumu.

Hapo nilifunga tarakilishi na kukumbuka kibaraza cha Kadutu. Kundi linavunjika kila duru ikiisha na kuundwa upya! Siku zote nilidhani huo ni udhaifu wa likelemba, kwamba haidumu kama benki. Wale wa AVEC, vikundi vya akiba na mikopo ambavyo mtindo wake ulianza na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na sasa viko kila kona ya Kivu, nao huvunja sanduku baada ya mzunguko wa karibu mwaka mmoja, hugawana, kisha huanza upya. Ukuta wa kudumu una hatari yake: mdoezi akishaingia, chumba hicho kimekufa na kitaendelea kuwa kimekufa. Ukuta unaovunjwa kwa wakati wake huwapa wafanyakazi walionusurika nafasi ya kukutana.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Kikundi cha Norikazu Ichihashi, kilichoanzia Osaka, kilitengeneza RNA iliyobeba yenyewe maagizo ya kimeng'enya cha kuinakili, kikaifungia katika vitone vya maji ndani ya mafuta, kikawa kinailisha na kuichanganya duru baada ya duru. Wadoezi walizaliwa bila kualikwa. Idadi yao ikapanda, ya wenyeji wao, yaani RNA zenye maagizo kamili, ikashuka. Wadoezi wakakosa wa kuwanyonya wakashuka. Wenyeji wakapanda tena. Ni kupanda na kushuka kule tunakokuona kwa chui na swala. Bila kuta, wenyeji waliangamia. Kwa kuta, pande zote mbili zilianza kubadilika: wenyeji wakajifunza kutowanakili wadoezi, wadoezi wakapata hila mpya. Katika ripoti ya mwaka 2022, baada ya duru 240, RNA ya aina moja iliyoanza jaribio ilikuwa imegeuka nasaba tano zinazoishi pamoja, tatu za wenyeji na mbili za wadoezi. Hilo sikulitarajia. Nilidhani hadithi ni ya kumshinda mdoezi. Kumbe mdoezi aliyezuiwa asiue ndiye aliyewalazimisha wenyeji kuwa wengi na tofauti.

Mabomba ya moto chini ya Tanganyika

Vitone vya Paris vilitengenezwa na mashine. Kabla ya uhai, nani alijenga kuta? Wapo wanaosema mafuta. Asidi za mafuta, ndugu wa zile tunazotengenezea sabuni, zikiwa nyingi majini hujikunja zenyewe kuwa vifuko, na mwaka 2003 Jack Szostak na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba aina fulani ya udongo wa mfinyanzi huharakisha jambo hilo, tena huingiza RNA ndani. Wengine wanasema mawe. Hao wa mawe wananivutia zaidi, na nakiri upendeleo wangu una sababu ya ujirani.

Mto Ruzizi unaanzia hapa Bukavu, ziwa Kivu linapomwaga maji yake, na kuteremka hadi Uvira kuingia Tanganyika. Kwenye pwani ya Kongo ya sehemu hiyo ya kaskazini ya ziwa, sehemu mbili ziitwazo Pemba (si ile ya Zanzibar) na rasi ya Banza, mwezi Aprili 1987 wanajiolojia waligundua chemchemi za maji moto zinazotokea chini ya ziwa. Mwaka 1991 msafara wa Wafaransa, Wazaire, Wajerumani na Warundi uliwateremsha wapiga mbizi kumi. Waliziona chemchemi hadi kina cha meta 46. Walipima joto kati ya nyuzi 53 na 103. Banza kulikuwa na mabomba ya mawe, meupe kwa chokaa, mengine marefu kama kidole na mengine ya sentimeta 70, yakitoa maji moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ndani, kuta za mabomba zilikuwa zimepakwa tabaka jembamba la chuma na salfa, madini yaleyale yang'aayo manjano ambayo huko Kamituga yamewachekesha wachimbaji wakongwe na kuwaliza wageni waliodhani ni dhahabu. Pembeni kulikuwa na zulia la vijidudu, jeupe na la kahawia, likila kilichotoka ardhini.

Sisemi uhai ulianzia Banza. Ziwa Tanganyika ni mtoto kwa umri wa dunia. Lina miaka milioni kadhaa tu, na uhai una bilioni. Lakini ni mlango unaofanana na ule wa zamani. Michael Russell na William Martin wameandika kwa miaka mingi kwamba chemchemi moto za baharini, zenye mawe yaliyojaa vitundu kama mkate na kuta za chuma na salfa, zilikuwa vyumba vya kwanza. Vitundu hivyo havihitaji kujizalisha. Maji yanapita, yanachanganya, yanatenga. Mwaka 2005 Martin na Eugene Koonin walisisitiza kwamba vyumba vya namna hiyo vingeweza kuwalea wafanyakazi na wadoezi pamoja kabla utando wa mafuta haujakuwepo. Ukiunganisha na matokeo ya Paris, fumbo la kuku na yai linalegea: ukuta wa kwanza haukuwa wa mtu yeyote. Ulikuwa pango la kupanga.

Sombe iliyokunjamana

Yote haya yangekuwa ngano za kale kama yasingekuwa yanaendelea shambani kwetu. Panda barabara ya Kabare, ingia shamba lolote la muhogo, na hutakosa mti wenye majani yaliyokunjamana na madoa ya manjano. Watanzania huuita ugonjwa huo batobato. Huku tumezoea neno la Kifaransa, mozaiki. Mjerumani Otto Warburg aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka koloni ambalo leo ni Tanzania. Kirusi chake kina maagizo yaliyogawanywa katika duara mbili za DNA, A na B, kila moja ikiwa na herufi zaidi ya 2,700, na kila moja ikisafiri katika koti lake. Inzi weupe ndio teksi yake.

Mwaka 1983, huko Uingereza, John Stanley na mwenzake walisoma herufi zote za kirusi kilichotoka kwenye muhogo wa Kenya. Miaka miwili baadaye, Stanley aligundua kitu cha ajabu ndani ya mimea iliyoambukizwa: duara fupi, nusu ya kawaida, zilizotokana na DNA B kwa kukatwa kipande. Peke yake duara hiyo haiwezi kuuambukiza mmea. Ikiwa ndani ya seli moja na kirusi kamili, inanakiliwa kwa gharama ya kirusi. Nilipoisoma sentensi hiyo nilicheka peke yangu: jitu la Spiegelman linalima Kenya.

Mwaka 1990 kikundi hichohicho kilipandikiza duara ile fupi katika jamii ya tumbaku, kisha kikaambukiza mimea hiyo kirusi. Ugonjwa ulipungua. Mdoezi wa kirusi alikuwa amegeuka nafuu ya mmea. Kwa mkulima wa Walungu, mwizi anayemwibia mwizi ni jirani mwema.

Usifurahi haraka. Mwaka 2016 Mtanzania Joseph Ndunguru na wenzake waliripoti vipande viwili vingine vya DNA kwenye mihogo yenye batobato ambavyo vinafanya kinyume. Vikiwepo, dalili zinakuwa mbaya zaidi, na hata mihogo yenye kinga iliyotegemewa na wazalishaji wa mbegu inaangushwa. Kwa hiyo huwezi kujua mwenendo wa mdoezi kwa udogo wake. Lazima uulize yuko chumba kimoja na nani, na anasafiri na nani.

Na hapo mkulima ana kuta zake, ingawa haziiti hivyo. Muhogo haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa vipande vya mti. Kipande kinabeba kila kilichokuwa ndani ya mama yake: kirusi, mdoezi wa kirusi, na chochote kinachowasaidia. Ukikata vipande bila kuangalia, ukavifunga mzigo mmoja na kuvigawa kijiji kizima, umechanganya bila kuchagua, hatua ile ambayo katika mirija ilikuwa ikiua. Ukipita kwanza shambani majani yangali mabichi, ukafunga kamba nyekundu kwenye miti safi na kukata hiyo tu, umefanya walichofanya Paris kwa vitone vinavyong'aa. Bibi zetu walifanya hivyo. Wengi wetu, kwa haraka ya mvua ya Septemba, hatufanyi.

Lakini ukuta nao huibwa. Mwaka 1977, huko Turin nchini Italia, daktari Mario Rizzetto aliona kitu kigeni katika maini ya wagonjwa wa homa ya ini aina B. Mwanzoni alidhani ni sehemu ya kirusi B. Baadaye ikajulikana ni kirusi tofauti, D, chenye RNA ya herufi kama 1,700, kidogo kuliko virusi vyote vinavyojulikana kumwambukiza binadamu. Kunakiliwa anajitafutia, anatumia vyombo vya seli yetu. Asichonacho ni koti la kutokea ndani ya seli na kuingia nyingine. Koti hilo humwibia B. Mtu mwenye B na D pamoja huugua vibaya kuliko mwenye B peke yake, na Afrika ya Kati ni mojawapo ya sehemu ambako D ameenea. Huyu ni mdoezi aliyetazama kuta zote zilizojengwa kumzuia, akaamua kuzivaa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti wa shangazi kituo cha afya, mtoto wake ametimiza wiki sita. Kina mama walikuwa wengi, kadi mkononi, watoto mgongoni. Sindano ya pentavalenti, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ina kinga dhidi ya homa ya ini B. Mama mmoja mbele yetu alikuwa amesikia habari za D redioni na akamuuliza muuguzi kama nayo imo. Muuguzi alitikisa kichwa, huku anapangusa paja la mtoto kwa pamba. "Ya D haiko," alisema. "Lakini D hana nguo yake mwenyewe. Tukimufungia B mulango, D anabakia uchi inje." Mtoto akalia, na akaitwa mwingine.